Kiswahili Fasaha Si Hati ya Kusafiria



Jina Nyamugari halijui mipaka. Nyamugari ninamoishi mimi ni mtaa wa mji wa Gitega. Iko Nyamugari nyingine huko Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, upande unaotazama Tanzania. Nchini Rwanda, wilaya ya Kirehe ina sekta iitwayo Nyamugari. Na Tanzania nako, wilayani Buhigwe katika mkoa wa Kigoma, ipo kata ya Nyamugali, ambayo haina tofauti na zetu ila herufi moja, r iliyogeuka kuwa l. Mtu asiyezijua nchi hizi angedhani ni kijiji kimoja kilichohamahama. Sisi tunaozijua tunasema kwamba watu wa eneo hili walikuwa wakisemezana muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuwagongea muhuri.

Nimeanza na jina hili kwa kuwa lilimponza kijana niliyemfundisha.

Alikuwa mzaliwa wa Nyamugari ya Muyinga, akaja kusoma kwetu Gitega, na kwa miaka mitatu alikuwa msomaji bora wa darasa langu la Kiswahili. Usiku mmoja simu yangu iliita kwa namba ya Tanzania. "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wako. Nimekamatwa." Alikuwa ameondoka kwao kwenda Kahama kutafuta riziki, mfukoni akiwa na karangamuntu yake tu, yaani kitambulisho cha taifa cha Mrundi. Hakupita kituo cha mpakani cha Kobero. Aliifuata njia ya mashambani, ile ambayo jirani zake huipita kila siku ya soko bila mtu kuwauliza lolote. Alipokwisha kuipita Ngara akiwa ndani ya basi, askari aliingia na kuanza kuuliza abiria mmoja mmoja.

"Unatoka wapi, kijana?"

"Nyamugari, afande."

"Nyamugali ya Buhigwe?"

Hapo, msomaji wangu, ndipo kisa chote kilipo. Askari mwenyewe alimfungulia mlango wa uongo, na Kiswahili cha kijana kilikuwa kizuri kiasi cha kuweza kuupita. Akajibu, "Ndiyo." Swali lililofuata lilihusu kitambulisho cha NIDA, na lililofuata hilo likahusu jina la mwenyekiti wa kijiji. Walipompekua wakaiona karangamuntu. Aliyekuwa mgeni asiye na kibali akawa sasa ni mgeni asiye na kibali aliyejidai raia. Alikaa mahabusu siku kadhaa, akatia sahihi maelezo yaliyoandikwa kwa jina lake, kisha akarudishwa mpakani bila begi lake. Kituo alichofungiwa sitakitaja, kwa maana hoja yangu haikihusu.

Aliporudi alikuja kunisalimu. Hakulalamika sana juu ya polisi. Alisema jambo moja tu, na hilo limenikaa moyoni hadi leo: "Mwalimu, ulituambia Kiswahili ni lugha ya Afrika Mashariki yote."

Ni kweli nilisema. Nililisema kwa ari, kama walimu wenzangu wanavyolisema. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, wanafunzi wangu husimama mbele ya wazazi na kukariri ngonjera zinazodai kwamba lugha hii imeibomoa mipaka. Wazazi hupiga makofi, nami nimepiga makofi pamoja nao. Wala si uongo, mradi tunazungumzia soko, msikiti, kanisa, redio na mapenzi. Linakuwa uongo pale kijana anapodhani kwamba mipaka tunayoitaja katika ngonjera ni ile yenye kizuizi na kibanda.

Tutazame basi sheria inasema nini, kwa sababu wengi wetu tunaishi kwa kusikia. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Miaka mitatu baadaye, tarehe 1 Julai 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika, na ndani yake imo haki ya raia wa nchi mwanachama kuingia katika nchi nyingine mwanachama bila viza. Watu wameikariri sehemu hiyo ya haki na kuiacha inayoifuata. Kanuni za Itifaki zinamtaka msafiri apite katika kituo rasmi cha mpakani, aonyeshe hati halali ya kusafiria, na atoe taarifa anazoulizwa. Akiyatimiza hayo, ofisa wa uhamiaji humpa kibali cha kukaa hadi miezi sita, na kibali hicho hakilipiwi ada. Rudia nami, msomaji: hakilipiwi. Nimekutana na watu waliolipa sehemu mbalimbali kwa ajili ya kitu ambacho ni chao bure, na nimekutana na wengine waliokikwepa kituo kwa kuogopa gharama isiyokuwepo.

Na karangamuntu je? Itifaki inaziruhusu nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa vinavyosomeka kwa mashine zivitumie badala ya pasipoti. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kufanya hivyo mwaka 2014. Si Tanzania wala Burundi iliyoanza nazo. Karangamuntu zetu nyingi ni karatasi yenye picha na alama ya kidole, iliyojazwa kwa mkono katika ofisi ya komini. Nyumbani ina heshima yake yote. Ukiivusha peke yake kwenda Kabanga, inathibitisha jambo moja tu, kwamba wewe si Mtanzania. Atakaye kuvuka anahitaji pasipoti, au ile hati ya muda tunayoiita lese-pase, na hata hiyo lazima aisome kwanza, ajue inamfikisha nchi zipi na inakoma lini.

Kuhusu kazi nitakuwa mfupi, maana habari yenyewe si nzuri. Kibali cha mgeni si kibali cha kazi. Aliyepata mkataba wa kazi anatakiwa kuomba kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ulipofungwa, na kijana anayekwenda kulima shamba la mtu kwa ahadi ya mdomo hana mkataba wa kuuonyesha. Mwajiri wake anajua hivyo. Wengine humwambia, "Niwekee hati zako nikutunzie," na msimu unapokwisha na ujira unapodaiwa, hati zinakuwa zimepotea na askari anakuwa amepigiwa simu. Hati yako usimwachie tajiri, hata akiwa mjomba wako.

Sasa narudi kwenye ulimi, maana mimi ni mwalimu wa lugha na hapa ndipo panaponiuma.

Kirundi hakitenganishi r na l kama Kiswahili sanifu kinavyotenganisha. Kwa hiyo Mrundi aliyesoma sana bado anaweza kusema "rakini" pindi anaposhikwa na hofu. Maaskari wa maeneo ya mpakani wanalijua hilo, na wako wanaoitega herufi hiyo kama mtego wa ndege. Ila mtego huo haubagui. Muha wa Kasulu na Mhangaza wa Ngara ni raia wa Tanzania tangu mababu, na lugha zao ni ndugu wa karibu wa Kirundi kiasi kwamba mimi nikizungumza na Mhangaza hatuhitaji mkalimani. Watu wa Kigoma wamelalamika mara nyingi kwamba wanashukiwa kuwa Warundi wakiwa nchini mwao wenyewe. Mtu wa Nyamugali ya Buhigwe akisimamishwa ndani ya basi, matamshi yake hayamwokoi. Kinachomwokoa ni kitambulisho chake. Na mwanafunzi wangu alipojidai kuwa mtu wa Nyamugali, alimwongezea mtu huyo asiyemjua mashaka ya safari ijayo. Uongo wetu wa mpakani hulipwa na jirani zetu.

Mwaka 2013 Tanzania iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kuwaondoa wahamiaji waliokosa vibali. Walioondoka ni maelfu, Wanyarwanda, Warundi na Waganda, baadhi yao wakiwa wameishi huko miongo mizima, wameoa, wamezaa, wamefuga. Sitayajadili hapa maamuzi ya serikali ile, ingawa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, katika ibara yake ya 12, unakataza kufukuza watu kwa makundi na unataka mgeni aliyeingia kihalali asiondolewe ila kwa uamuzi unaofuata sheria. Nataka kuonyesha kitu kimoja tu. Watu wale hawakukosa lugha. Wengi walizungumza Kiswahili bora kuliko changu. Mwaka uliofuata, wakimbizi wa 1972 waliokuwa wakiishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, pamoja na watoto wao, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania, zaidi ya watu 150,000. Lugha ni ile ile, Kirundi cha nyumbani na Kiswahili cha barazani. Tofauti kati ya aliyebaki na aliyeondoka ilikuwa karatasi.

Najua wazee wetu watanijibu nini. Watasema karatasi ndiyo iliyotutesa. Nao wana haki ya kusema. Neno *kipande*, ambalo mwanafunzi wa leo analijua kama sehemu ya kitu kilichokatwa, kwa babu zetu waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanganyika lilikuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi, na siku isiyoandikwa humo haikulipwa. Nchini Kenya, chini ya sheria ya 1915, kipande kilikuwa cheti alicholazimishwa mwanamume Mwafrika kutembea nacho, kikining'inia shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Na jirani zetu wa Rwanda waliandikiwa kabila kwenye vitambulisho tangu zama za Wabelgiji. Mwaka 1994 neno hilo moja, likisomwa kwenye kizuizi cha barabarani, lilitosha kumwua mwenye kitambulisho. Basi mzee anapokunja uso mbele ya mtu anayemdai karatasi, msimwite mshamba. Anakumbuka.

Hata hivyo, sikubali kwamba kumbukumbu hiyo inatufundisha kutembea mikono mitupu. Kipande kilikuwa kibaya kwa sababu aliyekibeba hakuwa na neno juu ya kilichoandikwa humo wala hakuwa na haki ya kukisoma kwa sauti mbele ya aliyemwandikia. Pasipoti yako unaweza kuisoma. Na hapa ndipo ninapojilaumu zaidi kuliko mahali pengine popote.

Nilimwuliza kijana wangu yale maelezo aliyotia sahihi yalisema nini. Akainamisha kichwa. Hakuyasoma. Yeye aliyekuwa akisoma kwa sauti darasani hadi wenzake wakanyamaza kumsikiliza, aliwekewa karatasi ya Kiswahili mbele yake, lugha aliyopata alama za juu kuliko wote, akatia sahihi bila kuisoma. "Niliona nikisoma nitaonekana mjeuri, mwalimu."

Nani alimfundisha kwamba kusoma ni ujeuri? Si polisi wa nchi yoyote. Ni sisi. Katika madarasa yetu mtoto anayeuliza "kwa nini" huambiwa akae. Anayeomba kuona alama zake zimehesabiwaje huitwa mkaidi. Tunamlea miaka kumi na miwili anyamaze mbele ya mkubwa, kisha tunashangaa anaponyamaza mbele ya hati itakayomfunga.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inamtaka polisi amweleze anayemkamata sababu ya kumkamata, na inampa aliyezuiliwa nafasi ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa 1966 unasema mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe, bila kucheleweshwa. Burundi ina ubalozi Tanzania na ina konseli Kigoma. Hayo yote yanaweza kusemwa kwa Kiswahili cha darasa la saba. "Afande, naomba kujua kosa langu." "Naomba kumjulisha ndugu yangu niliko." "Naomba ubalozi wa Burundi ujulishwe." "Naomba niyasome maelezo kabla ya kutia sahihi." Tazama sentensi hizo: kila moja inaanza na *naomba*. Hazina tusi, hazina kiburi, wala hazina magoti. Kiswahili kina adabu inayomwezesha mnyonge kudai bila kugombana, nami kwa miaka yote nimekuwa nikiifundisha adabu hiyo kwa ajili ya kuomba chumvi kwa jirani.

Na fedha? Faini halali ipo, na inalipwa kwa stakabadhi. Nchini Tanzania malipo ya serikali hutolewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo kwayo unalipa benki au kwa simu. Anayekutaka ulipe kiganjani nyuma ya basi hatozi faini. Sikuambii umkemee. Mwambie tu, kwa unyenyekevu uleule, kwamba uko tayari kulipa na unaomba hiyo namba. Wengine watakuachia uende. Wengine watakasirika. Simdanganyi mtu juu ya hilo.

Ni haki pia kusema kwamba askari aliyeingia kwenye basi lile alikuwa kazini. Nchi inayo haki ya kujua nani yumo ndani yake. Sisi tunasimamishwa kwenye vizuizi vyetu kutoka Gitega hadi Muyinga, tunatoa karangamuntu bila kunung'unika, na hatudhani tumeonewa. Wala mpaka wenyewe, ule waliouweka Wabelgiji na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hautafutika kwa kuwa tunaukirihi. Lawama yangu kubwa iko nyumbani, kwa sisi tunaouacha mlango halali uwe mwembamba na wa mbali mpaka mtoto wa mkulima anaona njia ya mashambani ndiyo barabara. Pasipoti ikigharimu zaidi ya mapato ya msimu mzima, tusijifanye tumeshangaa.

Kuna jambo dogo la kuongeza, ambalo laweza kumwokoa mtu usumbufu. Mikoa yetu 18 imepunguzwa kuwa mitano kwa sheria ya mwaka 2023, na Muyinga sasa imo ndani ya Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Karangamuntu za zamani zinaendelea kutaja Muyinga. Ofisa wa nje akiona hati moja inasema Muyinga na nyingine inasema Buhumuza, anaweza kudhani moja ni ya bandia. Jifunze kumweleza kwa sentensi mbili tulivu, na hakikisha jina lako limeandikwa kwa herufi zilezile katika hati zote mbili. R na l zimetosha kutuletea balaa, tusiziongezee nyingine. Piga picha ya kila ukurasa, moja uiache nyumbani kwa mtu anayejibu simu.

Muhula huu niliiweka kando mada ya insha za wasifu, nikaligawa darasa wawili wawili: mmoja askari, mmoja msafiri. Mwanzoni walicheka sana, hasa wale waliopewa uaskari, ambao nilistaajabu kuona jinsi walivyojua upesi kukunja uso. Kisha msichana mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na nikisema hayo yote kwa adabu, akanipiga?"

Darasa likanyamaza. Nilimwambia kwamba yawezekana. Nilimwambia akumbuke mahali, saa, na namba iliyo kwenye sare ikiwa ipo, asipigane, asikimbie, na akipata simu ampigie mtu wa kwanza atakayepokea. Hakuonekana kuridhika, nami sikuridhika. Tulirudia zoezi, safari hii yeye akiwa msafiri, na alipowekewa daftari atie sahihi, alilisoma lote hadi kengele ikalia.

Kijana wangu naye ameondoka tena. Mara hii alikaa miezi akiuza maharage hadi akapata fedha ya hati. Wiki iliyopita alinipigia simu akiwa Kabanga, upande wa pili. Alikuwa amepita Kobero, mchana, mlango wa mbele.

"Wamenigongea muhuri, mwalimu."

"Umeandikwa siku ngapi?"

Kukawa kimya kidogo. Kisha nikasikia kurasa zikifunuliwa.